Kisa cha Makorora: kiwanja cha Pongwe na sindano ya kinga

Familia moja ya Makorora, hapa Tanga mjini, ilikuwa imeshapata mteja wa kiwanja chao cha Pongwe. Fedha zilikuwa za kumpeleka kijana wao wa miaka 17 nje ya nchi kwa mara ya pili, safari hii kwa kile ambacho kijitabu cha wakala mmoja wa safari za matibabu kilikiita "tiba ya kinga baada ya upandikizaji wa uloto", uloto ukiwa ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Kijana alikuwa na sakoma ya Ewing, saratani ya mfupa, na alikuwa amerudi kutoka India miezi michache tu nyuma, akiwa ameshapandikizwa. Kabla hawajaenda kwa mwanasheria kutia saini, mama yake aliniletea dukani bahasha ya khaki iliyojaa makaratasi. Mimi ni mfamasia, si daktari wa saratani, na nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Mwanangu, wewe nisomee tu. Hao madaktari wanaongea haraka."

Nakiandika kisa hiki kwa ridhaa yao, na nimebadilisha mambo kadhaa ili wasitambulike. Swali lao lilionekana moja, tuuze au tusiuze, lakini ndani yake yalikuwamo matatu yaliyofungwa pamoja: uloto aliopewa ulikuwa wa nani, hiyo tiba ya kinga ni ipi hasa, na ni nani aliyewahi kuijaribu kwa saratani kama yake. Wakala aliyachanganya yote matatu, na yakishachanganywa jibu hutoka lolote unalotaka litoke.

Paja lililokandwa

Mwanzo wa ugonjwa ulikuwa wa kawaida mno. Kijana ni beki wa timu ya mtaa. Alipoanza kulalamikia paja la kushoto, juu kidogo ya goti, kila mtu nyumbani alikumbuka mechi aliyogongwa. Akakandwa kwa maji ya moto na mafuta ya nyonyo, akapigwa chale, akanywa dawa za maumivu. Kitu kimoja hakikulingana na ajali ya mpira: maumivu yalizidi usiku na kumwamsha, hata alipokuwa amekaa wiki kadhaa bila kugusa mpira. Kisha zikaja homa za jioni. Kila akipimwa malaria, hakuna. Sakoma ya Ewing inajua kujifanya usaha wa mfupa, kwa homa, kwa uvimbe wenye joto, hata kwa vipimo vya damu, na si Tanga peke yake watu wanakotumia antibiotiki kwanza kabla haijatambulika. Hospitali ya Bombo, hapa Tanga, walipopiga eksirei hawakusubiri. Rufaa ya Muhimbili iliandikwa siku ileile, na huko akachukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara.

Jibu la kinyama halikuwa lile ambalo wengi wangelitarajia. Kijana wa Kitanzania mwenye uvimbe wa mfupa karibu na goti, kwanza hufikiriwa ostiosakoma, saratani nyingine ya mfupa, kwa sababu sakoma ya Ewing ni adimu sana kwa watu wenye asili ya Afrika. Huyu kwa upande wa baba ni Mshihiri, Mwarabu wa asili ya Yemen, na mji wetu una mchanganyiko huo tangu enzi za majahazi. Lakini hata angekuwa Mdigo kwa pande zote mbili, adimu si sawa na haiwezekani. Alama yake iko ndani ya seli: kipande cha kromosomu ya 11 na kipande cha kromosomu ya 22 hubadilishana mahali, jeni mbili zikaungana na kutengeneza protini isiyopaswa kuwepo. Muungano huo wa EWSR1 na FLI1 hupatikana kwa takriban wagonjwa 85 kati ya 100 wa Ewing, na ulikuwepo kwenye ripoti yake.

Ndugu wa Maskati walichanga, na matibabu yakafanyika India. Alipata kemo ya dawa tano kwa zamu: vinkristini, doksorubisini na saiklofosfamaidi, kisha ifosfamaidi na etoposaidi. Akafanyiwa upasuaji, kipande cha mfupa wa paja kikatolewa na kuwekwa chuma, mguu ukabaki. CT skani ya mapafu ilikuwa safi mwanzoni na safi mwishoni. Hapo ndipo lilipo jambo zuri kuliko yote kwenye bahasha ile, na hakuna aliyekuwa amemwonyesha mama.

Habari mbaya ilikuwa ukurasa uliofuata. Mfupa uliotolewa ulipochunguzwa, zaidi ya asilimia 10 ya seli za saratani zilikuwa bado hai baada ya kemo yote ile. Kipimo hicho ndicho madaktari wengi hukitazama kuamua kama mgonjwa aongezewe makali, na ndicho kilichomfikisha kijana kwenye uloto.

Seli zilizotoka kwake zikarudi kwake

Mama aliamini kwamba mwanawe ametolewa uloto mbovu akatiwa mzima wa mtu mwingine. Simlaumu. Tanga, kama kwingine nchini, watu walisikia redioni habari za Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ambako tangu mwaka 2023 watoto wenye selimundu wamekuwa wakipewa uloto wa ndugu zao. Kwa selimundu picha hiyo ni sahihi kabisa: kiwanda cha damu kina kasoro, kinaletwa kingine kutoka kwa kaka au dada. Ila Muhimbili walipoanza upandikizaji mwaka 2021, walianza na wagonjwa wa mailoma, saratani inayoanzia ndani ya uloto, waliorudishiwa seli zao wenyewe. Ni shughuli mbili zenye jina moja, na kijana wa Makorora yuko kwenye ile ya pili.

Kwake ilikwenda hivi. Alichomwa sindano za kuamsha uloto utoe seli shina, yaani seli mama za damu, kwenye damu. Akaunganishwa na mashine iliyochuja seli hizo, zikagandishwa kwenye naitrojeni. Kisha akapewa busulfani na melfalani kwa kipimo kikubwa kiasi kwamba uloto wake usingeamka tena peke yake. Baada ya hapo seli zikayeyushwa na kurudishwa kwa dripu. Yeye mwenyewe anakumbuka zaidi harufu. Kemikali inayolinda seli zisipasuke kwenye barafu hutoka kwa pumzi na kwa ngozi, na chumba kizima, anasema, kilinuka mahindi ya kuchemsha yaliyochanganywa na kitunguu saumu kwa siku mbili. Muuguzi alikuwa amemwonya, lakini mahindi hajayarudia hadi leo.

Kwa hiyo tiba ilikuwa zile dawa mbili. Seli zilizorudishwa zilikuwa za kumwokoa na dawa, hazikuwa za kupigana na saratani. Kinga aliyonayo ni ileile aliyozaliwa nayo, ikiwa imeanza upya na ikiwa dhaifu. Mama aliposikia hivyo alinyamaza, halafu akauliza kama basi wametapeliwa India. Hapana. Hilo nililisema kwa sauti kubwa kidogo, kwa sababu ushahidi upo. Jaribio la Ulaya liitwalo Euro-EWING 99 liliwagawa kwa kura wagonjwa 240 ambao ugonjwa wao haukuwa umesambaa lakini ulikuwa mkubwa au haukuitikia kemo vizuri, yaani wa hali kama yake. Baada ya miaka 3, asilimia 69 ya waliopewa busulfani na melfalani walikuwa hai bila ugonjwa kurudi wala tukio jingine baya, dhidi ya asilimia 56.7 ya walioendelea na kemo ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Nyongeza moja ya haki: wagonjwa wale walianza na kemo ya Ulaya ya wakati huo, na jaribio la baadaye la wagonjwa 640, lililochapishwa 2022, lilionyesha kwamba mpangilio wa dawa tano kama aliopata kijana ni bora kuliko ule. Faida ya uloto juu ya kemo iliyo bora zaidi inaweza kuwa ndogo kuliko namba hizo zinavyosema. Lakini waliomtibu hawakubahatisha.

Na kwa ugonjwa uliosambaa mapafuni tangu mwanzo, jaribio la Euro-EWING 99 halikuona faida ya wazi ya busulfani na melfalani kuliko kemo pamoja na mionzi ya mapafu. Nalitaja kwa sababu wakala aliandika kwamba upandikizaji "huponya sakoma". Huponya nani, na kwa hatua ipi?

Namba 66 na 46

Kijitabu cha wakala kilichapwa vizuri, karatasi nzito, picha ya mtoto anacheka. Katikati yake kulikuwa na sentensi iliyonikamata: tiba ya kinga baada ya kupandikizwa uloto huongeza walio salama kutoka asilimia 46 hadi 66. Namba hizo si za kubuni. Ni za jaribio maarufu la Marekani lililochapishwa mwaka 2010, la watoto 226, ambao baada ya kurudishiwa seli zao walipewa kingamwili inayojulikana leo kama dinutuksimabu, pamoja na dawa za kuchochea kinga. Baada ya miaka 2, asilimia 66 walikuwa bila ugonjwa kurudi, dhidi ya 46 ya wenzao. Dawa ilisajiliwa Marekani mwaka 2015 na imebadilisha maisha ya watoto wengi.

Watoto hao walikuwa na nyuroblastoma, si sakoma. Nyuroblastoma huanza kwenye seli changa za neva, hushika zaidi watoto wadogo, wengi chini ya miaka mitano, na seli zake zimejaa juu yake kitu kinachoitwa GD2, ambacho ndicho kingamwili hiyo hukishika. Ewing haina GD2 kwa wingi wa kuaminika namna hiyo. Hata ostiosakoma, ambayo GD2 inayo, dawa ilipojaribiwa kwa wagonjwa ambao ugonjwa ulirudi mapafuni ukaondolewa kwa upasuaji, haikufikia kiwango kilichowekwa cha kuitwa mafanikio.

Hapa niseme jambo kwa upande wa wakala, ingawa hakulisema yeye. Fikra ya kuleta kinga baada ya uloto si ya kipuuzi. Baada ya dozi kubwa ya dawa, seli za saratani zilizobaki, kama zipo, ni chache kuliko wakati mwingine wowote, na kinga hushinda kirahisi vita vidogo kuliko vikubwa. Nyuroblastoma ilithibitisha hilo. Tatizo ni kwamba vita inahitaji kinga imtambue adui, na kila saratani ina sura yake. Sakoma zenyewe, yaani saratani za mifupa na za tishu laini, ni zaidi ya aina 70. Kuna aina moja ya tishu laini ambayo Marekani iliisajilia dawa ya kufungua kinga, atezolizumabu, Desemba 2022, kuanzia watoto wa miaka miwili. Nyingine, sakoma ya sinovia, ilipata mwaka 2024 tiba ya seli T, askari wa kinga, zilizobadilishwa, kwa watu wazima wenye aina fulani ya alama za kinga kwenye seli zao tu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohusu mfupa wa kijana wetu.

Dawa ambayo wakala alikusudia hasa ilikuwa ukurasa wa mwisho: pembrolizumabu, kila wiki tatu. Ni dawa ya kuzuia PD-1, kizuizi ambacho seli T hutumia kujituliza. Ukikiondoa, seli T zilizokuwa zimetulizwa karibu na uvimbe huanza kazi. Sharti ni kwamba ziwepo. Uvimbe wa Ewing kwa kawaida hauna seli T nyingi ndani yake, una mabadiliko machache ya jeni ya kuzishtua, na seli zake huonyesha kidogo zile alama za HLA ambazo kinga huzisoma. Jaribio la SARC028, lililochapishwa 2017, liliipima dawa hii kwa wagonjwa 80 wa sakoma mbalimbali. Katika aina moja ya tishu laini isiyo na umbo maalumu, uvimbe ulipungua kwa wagonjwa 4 kati ya 10. Kwa sakoma za mifupa, 2 kati ya 40. Wenye Ewing walikuwa 13, na uvimbe haukupungua kwa hata mmoja. Nilimwonyesha mama sifuri ile kwa kidole. Akauliza, "Sifuri ya kumi na tatu?" Ndiyo.

Kuna kejeli ya historia hapa. Tiba ya kinga ya saratani ilianzia kwa kijana mwenye sakoma. Daktari William Coley wa New York alimpoteza mgonjwa wake, msichana aliyekuwa na miaka 17 alipomfikia akiwa na sakoma ya mkono, Januari 1891, na mwaka huohuo akaanza kuwachoma wagonjwa wengine bakteria ili kuamsha miili yao. Mpinzani wake mkubwa, hospitali moja naye, mtetezi wa mionzi, alikuwa James Ewing, yuleyule aliyeueleza uvimbe huu mwaka 1921 ukapewa jina lake. Miaka zaidi ya mia imepita, na ugonjwa wenye jina la Ewing bado ndio unaoisumbua tiba ya Coley.

Kijitabu kilitaja pia "chanjo ya seli za mgonjwa". Hii ndiyo iliyo karibu zaidi na Ewing kisayansi, kwa sababu ule muungano wa jeni mbili hutoa protini isiyopatikana kwenye seli nzima, na kinga inaweza kufundishwa kuitafuta. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilijaribu hivyo kwa wagonjwa 52 wa Ewing na wa aina moja ya rabdomaiosakoma, sakoma ya misuli, waliosambaa au waliorudiwa na ugonjwa: walivuna seli zao za kinga mapema, wakawapa kemo, kisha wakawarudishia seli hizo pamoja na chanjo. Matokeo ya mwaka 2008 yalisema asilimia 43 ya waliofika kwenye chanjo walikuwa hai baada ya miaka 5. Namba inavutia. Lakini waliofika walikuwa 30 tu. Wengine waliishia njiani, na ukiwahesabu wote tangu mlangoni, inashuka hadi 31. Anayefika kwenye hatua ya mwisho ni yule ambaye ugonjwa haukumuwahi, kwa hiyo angeonekana na nafuu hata kama angechomwa maji. Wala hapakuwa na kundi la kulinganisha lililogawanywa kwa kura. Ni utafiti wa heshima, na watafiti hawakuuza kitu. Kuuchukua na kuuwekea bei kwenye kijitabu ni kazi ya watu wengine.

Kikao na Maskati

Jioni ya Ijumaa tulikaa barazani kwao. Simu ikawekwa spika juu ya kikapu cha mahamri, na ami yake kijana akawa hewani kutoka Maskati. Ndiye aliyetoa fedha nyingi za safari ya kwanza, kwa hiyo neno lake lina uzito, na si mtu wa kuburuzwa. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Dokta, nimekuelewa. Haina uhakika. Lakini mtu aliyeko baharini hushika hata ubao. Kama haifai na haidhuru, kwa nini tusijaribu?"

Hoja yake ilikuwa nzuri kuliko zote nilizosikia kwenye jambo hili, na ndiyo iliyostahili jibu refu. Nilimjibu kwamba sehemu ya "haidhuru" ndiyo isiyo kweli. Dawa ya PD-1 ikifungua kinga haichagui: inaweza kushambulia utumbo, ini, tezi za homoni, mara chache moyo. Inaweza kushambulia mapafu, na mapafu ya kijana huyu yamepitiwa na busulfani, ambayo yenyewe huyaumiza. Madhara hayo hutokea hata miezi kadhaa baadaye, usiku, nyumbani Makorora. Atakayempokea atakuwa daktari wa zamu asiyejua alichochomwa, na dalili za mwanzo, kuhara, kukohoa, uchovu, ndizo za kila ugonjwa wa pwani.

Halafu nikamweleza jambo la kazi yangu. Wakala alisema dozi za baadaye zingeletwa Tanga ndani ya kiboksi cha barafu, tukachomee hapahapa. Dawa za aina hii hukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Zisigande, zisipate joto. Basi linatoka Dar saa za mchana, linapita Chalinze na Segera, linafika stendi ya Kange likiwa limekaa juani kila lilikosimama. Na dawa inayoingia nchini bila kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa nchini, hakuna anayeweza kukuambia kilichomo kwenye kichupa. Nimeona vichupa vyenye lebo safi ambavyo nisingempa hata paka. Ami akacheka kidogo, kicheko cha kwanza jioni ile.

Akabadilisha mkakati. Dada yake kijana alikuwa amekaa mlangoni, miaka 20, mzima. "Basi tumtoe uloto dada, tumtie yeye. Hapo si atapata kinga mpya?" Swali zuri tena, na lina historia. Kinga ya mtu mwingine kweli huweza kuona saratani ambayo kinga ya mwenyewe imeizoea. Kwa leukemia hilo limethibitika. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu, na siku hizi hata anayelingana nusu hutumika. Kwa Ewing madaktari walijaribu. Uchambuzi wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2011 haukuona dalili ya kuaminika kwamba seli za mtoaji hushambulia uvimbe huu kiasi cha kurefusha maisha. Majaribio ya kuongeza seli za kuua za mtoaji baada ya upandikizaji wa nusu yapo kwenye vituo vichache vya utafiti nje, kwa wagonjwa ambao ugonjwa umerudi. Kijana hana ugonjwa unaoonekana. Kumpa sasa uloto wa dada yake ni kumtia kwenye hatari ya seli za dada kumshambulia ngozi, ini na utumbo, kwa faida ambayo haijaonekana.

Nikaongeza la muhimu kuliko yote, kwa sababu kijitabu kilitoa vyote viwili kama vifurushi vinavyoweza kuunganishwa: uloto wa mtoaji, kisha dawa ya PD-1. Hapo mtu anaondoa kizuizi kwenye seli za mgeni zilizoko ndani ya mwili wa mwenyeji. Kati ya wagonjwa 31 wa limfoma, saratani ya tezi za limfu, waliopewa dawa za aina hiyo baada ya kupokea uloto wa wengine, katika ripoti ya 2017, 17 walishambuliwa na seli za mtoaji na 8 walikufa kwa hilo. Kwa limfoma, ambayo dawa huifanyia kazi kweli, kuna siku daktari na mgonjwa huamua kubeba hatari hiyo. Kwa Ewing, upande wa pili wa mzani una ile sifuri ya 13.

Simu ilikaa kimya kwa muda. Ami akasema, "Mama fulani, kiwanja kisiuzwe." Akamtaja kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama kawaida yao.

Yaliyobaki kufanywa

Nilikuwa nimeiacha kwa makusudi karatasi moja hadi wakati huo. Kwenye orodha ya maandalizi ya safari, baada ya pasipoti na picha, wakala aliandika chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa kadi ya zamani ya kijana ilipotea. Chanjo hiyo ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Mtu aliyepandikizwa uloto miezi michache iliyopita hachomwi. Kama kuna sentensi moja kwenye bahasha nzima iliyoweza kumuua haraka, ilikuwa hiyo, na hakuna aliyeiona kuwa tiba wala hatari. Ilikuwa mstari wa tatu kwenye orodha ya vitu vya kubeba.

Chanjo ni suala ambalo waliorudishiwa uloto hulisahau kila mahali. Dozi kubwa ya kemo hufuta sehemu kubwa ya kumbukumbu ya chanjo za utotoni. Zisizo hai, kama pepopunda, homa ya ini B na nimonia, huanza kurudiwa miezi kadhaa baada ya upandikizaji. Zenye virusi hai kama surua husubiri takriban miaka 2, na hadi daktari aseme kinga imerudi. Ratiba hiyo haimo kwenye kadi ya kliniki ya watoto, kwa hiyo tuliomba barua ya daktari wake wa Dar ili kituo cha chanjo kisimwone kijana wa miaka 17 mwenye ndevu zinazoanza kama mtu aliyepotea njia.

Septrini aendelee nayo kama alivyoandikiwa. Alikuwa ameiacha kwa kuwa "ni dawa ya kikohozi tu". Ipo kumlinda na nimonia ya fangasi ambayo kinga dhaifu haiiwezi. Chandarua, ndiyo. Homa ya nyuzi 38 au zaidi si ya kununulia panado kwangu, ni ya kwenda Bombo saa hiyohiyo na barua mkononi, na kipimo cha malaria kikitoka chanya bado apimwe damu kwa mambo mengine. Maumivu au joto penye chuma cha paja, vilevile. Moyo upimwe kwa ekokadiografia kwa sababu ya doksorubisini. Suala la mbegu za uzazi, ambalo busulfani huliharibu mara nyingi, lilikuwa limeshughulikiwa India kabla ya dozi kubwa. Zimehifadhiwa, na kuna ada ya kila mwaka. Mama hakulijua hilo. Kijana alilijua na alikuwa akiona haya kulisema mbele ya dada yake, ikabidi tutoke nje wawili tuzungumze.

Fedha za kweli zinakohitajika ni kwenye ufuatiliaji. Ewing ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 2 ya mwanzo, na mapafuni zaidi. Kwa hiyo picha ya kifua na ya paja kila baada ya miezi mitatu au zaidi kidogo, kadiri daktari wake atakavyopanga, kisha nafasi huongezeka. Nauli ya watu wawili Tanga hadi Dar, malazi, kipimo: ukizidisha kwa miaka, ni fedha inayoumiza, na hakuna kijitabu chenye karatasi nzito kinachoitangaza. Ami alikubali kuibeba hiyo badala ya ile.

Aliuliza la mwisho kabla ya kukata simu: na ikirudi? Nikamjibu kwamba ikirudi swali linafunguliwa upya, tena si kwa wakala. Kuna kemo za mstari wa pili ambazo zimelinganishwa kwa jaribio la kura, irinotekani na temozolomaidi zikiwemo, na pia ifosfamaidi kwa kipimo kikubwa, iliyoonekana bora zaidi kati ya zilizolinganishwa, ila kijana ameshaipata kwa kipimo cha kawaida na figo zake zitabidi ziulizwe kwanza. Hapo ndipo jaribio la tiba ya kinga, la chuo au taasisi ya utafiti, lenye kibali cha kamati ya maadili na lisilomtoza mgonjwa bei ya dawa inayojaribiwa, linastahili kutafutwa kwa bidii. Anayekutoza fedha ili ujaribu, nilimwambia, mwulize kibali chake ni namba ngapi na kimetolewa na nani.

Nakala za ripoti tulizitoa seti mbili, pamoja na ile ya kinyama yenye matokeo ya jeni, kwa kuwa jaribio lolote la baadaye litaidai kwanza. Moja iko kwa mama, nyingine kwenye faili lake Dar. CT skani ya kwanza baada ya kikao ilikuwa safi. Ya pili imepangiwa baada ya mtihani wake wa majaribio wa kidato cha nne, kwa ombi lake mwenyewe. Daktari alikubali isogezwe kwa wiki moja, si zaidi.